Jinsi ya kuipata jin yako (na sisemi jini la kwenye chupa)

Nianze na jina maana najua litaleta utani. Ukiandika "jini" mtu wa Tanga au Unguja anasoma kitu kingine kabisa, kile cha kufukizia ubani, kwa hiyo hapa naandika jin tu, yaani gin, ile pombe kali, tuelewane. Na kama hunywi kwa dini au kwa sababu zako, pita zako kwa amani, hakuna aliyekushika shati.

Haya. Umesimama mbele ya rafu ya pombe kali, kuna chupa ya kijani, kuna ya bluu, kuna nyeusi kama ya dawa za zamani, kuna ya elfu kumi na kitu na kuna ya laki na ushee, unamuuliza muuzaji ipi nzuri anakujibu "hii ndo inatoka sana bosi". Inatoka sana kwa nani? Yeye mwenyewe mtu wa bia. Mi nimenunua hivo miaka, kwa macho na kwa jina, mpaka siku moja soda iliisha nikaionja jin niliyokuwa naisifia kwenye kila harusi ikiwa peke yake, nikagundua siipendi hata kidogo, kumbe nilikuwa napenda bitter lemon niliyokuwa naimiminia juu. Ndo maana njia yangu inaanza na pua, inapita kwenye maji, soda inakuja baadae sana.

Hatua ya 1: ijue harufu ya mreteni

Jin ni spiriti ya nafaka (au ya molasi ya miwa) ambayo haina ladha yake, ikapikwa tena na viungo, na kiongozi wa hivyo viungo lazima awe mreteni (juniper kwa Kiingereza). Mreteni ukiondoka kilichobaki ni vodka iliyojipulizia manukato. Zinatumika zile gololi zake ndogo za rangi ya bluu iliyokolea, wenye viwanda wengi wanazileta kutoka Italia na Makedonia huko.

Utauliza sasa mimi wa Mbagala nitaijuaje harufu ya mti wa Makedonia. Unaijua. Ndugu yake yupo milimani kwetu, ule mti ambao Kenya wanauita mtarakwa, unaochanwa nguzo za fensi kwa sababu mchwa hauutaki, na mbao zake ziliwahi kutengenezewa penseli. Kumbuka darasa la tatu unachonga penseli kwa wembe, ile harufu inayopanda kabla hujaanza kuandika. Changanya na tawi la mti wa Krismasi ukilivunja mkononi. Hapo ushafika, na ukiinusa jin yoyote duniani hiyo harufu ndo utaanza kuitafuta, kama ipo mbele, kama imejificha nyuma ya malimao, au kama haipo kabisa na mtu kakuuzia lebo. Nairobi kuna jamaa wanapika jin inaitwa Procera, wao wanatumia gololi za huu mti wetu wa milimani tena zikiwa mbichi, na kama unataka kujua tofauti ya mti wa huku na wa Ulaya hiyo ndo ya kuonja, ila uonjee kwa mtu, bei yake sio ya kujaribia.

Hatua ya 2: zijue koo zake, haraka haraka

London Dry: haihusiani na kutoka London. Ni sharti la upishi, kwamba ladha zote ziingie mtamboni wakati wa kupika, ikishatoka hakuna kuongeza rangi wala ladha, na sukari isizidi gramu 0.1 kwa lita. Tanqueray inapikwa Scotland na ni London Dry halali kabisa. Plymouth inatoka mji wa Plymouth tu, mtambo wa Black Friars pale unapika tangu 1793. Old Tom ni jin ya kizamani yenye utamu utamu. Jenever ya Waholanzi na Wabelgiji ndo bibi yao wote, ina mwili wa kimea, ukiinywa ukitegemea jin utahisi umepewa kinywaji cha mtu mwingine. Kisha kuna hizi za kisasa ambazo mreteni umerudishwa nyuma ya pazia, na kuna za pinki. Gordon's walitoa ya pinki 2017 ikafuatwa na kila mtu. Kama unaipenda ya pinki ipende bila kuomba radhi, ila usiiweke kwenye shindano na hizi zingine, utamu wake utaiba kura.

Hatua ya 3: chagua nne, sio kumi

Kosa ninaloliona kila mara watu wanakusanya chupa saba usiku mmoja, ikifika ya tano hakuna anayeonja tena, watu wanacheza tu. Nne zinatosha. Chupa ndogo kama zipo, kama hazipo mchange, watu wanne kila mtu aje na moja, na kila moja itoke upande tofauti maana ukichukua nne zinazofanana utajifunza nini?

Upande wa kwanza ni mreteni mbele. Hapa kuna Gordon's, ambayo Alexander Gordon aliianzisha London 1769 na mpaka leo ndo jin ya kila baa. Kuna Tanqueray ambayo ndo naipenda kuitumia kufundishia kwa sababu ya unyoofu wake, viungo vinne tu: mreteni, giligilani, mzizi wa anjelika na urukususu (licorice), basi. Ukiinusa hakuna pa kupotelea. Kuna Beefeater pia, hii kweli inapikwa London mpaka leo, viungo tisa, vinalowekwa kwenye spiriti masaa 24 kabla moto haujawashwa na humo ndani kuna maganda ya machungwa machungu ya Seville, kwa hiyo mreteni upo lakini chungwa linauvuta mkono. Moja kati ya hizo tatu inatosha.

Upande wa pili ni nyepesi na ya manukato, na mwenyewe ni Bombay Sapphire, ile ya bluu. Chupa ndo ya bluu jamani, kimiminika ni cheupe kama maji, nimeshasuluhisha ugomvi wa hilo mara mbili. Ina viungo kumi na upishi wake uko tofauti: viungo havichemshwi ndani ya spiriti, vinawekwa juu kwenye vikapu vyenye matundu na mvuke unapita katikati yao. Ni kama tofauti ya kuchemsha iliki ndani ya chai na kuishikilia juu ya mvuke wa birika, ya pili inatoka laini, haina ule ukali wa mzizi. Anayekuambia "mi jin siipendi, inanuka dawa" mpe hii kwanza.

Upande wa tatu ni ile iliyokataa kufuata mstari. Hendrick's, ya Scotland, ilitoka 1999, wana mitambo miwili tofauti wanachanganya kinachotoka kisha wanaongezea waridi na tango. Ndio, tango la kachumbari. Likikaa kwenye jin linakuwa kitu kingine, ubaridi ubaridi fulani kama umefungua friji. Whitley Neill nayo ipo upande huu, imetiwa mbuyu, na mimi kama mtoto wa Pwani niliinunua mbio nikitegemea ubuyu mwekundu wa Zanzibar ule wa kuchafua midomo. Wapi. Ni uchachu mdogo tu kwa mbali, ila ni jin nzuri.

Upande wa nne, ya nyumbani. Na hapa ndo mjadala mkali. Bongo ukisema jin mtu anakuletea Konyagi, yenye lebo ya njano, mzinga mezani na Stoney pembeni. Jina lenyewe lina asili ya cognac, zamani kwenye makamusi konyagi ilikuwa brandi, kwa hiyo tuna kinywaji cheupe kinachonywewa kama jin chenye jina la brandi, na hakuna aliyewahi kukosa usingizi kwa hilo. Kilevi chake asilimia 35 wakati sheria ya Ulaya jin inaanzia 37.5, na ukiiweka pembeni ya Tanqueray pua itakuambia mreteni hauko mstari wa mbele. Mi sioni tatizo, naiweka kwenye meza yake. Kama unataka ya huku yenye sura ya jin zaidi kuna K-Vant ya Arusha, ukiwa Kenya kuna Gilbey's kila kona, na Uganda kuna Waragi, ambayo jina lake inasemekana limetokana na "war gin", walivyokuwa wanaita kinywaji cha kienyeji enzi za mkoloni, mpaka 1965 ikatungwa sheria ya enguli, yaani hicho kinywaji cha kienyeji, ili upishi wa majumbani uende kwa leseni na kikaja kiwanda cha kuisafisha. Waragi na samaki wa kukaanga pale Entebbe, tuache tu.

Hatua ya 4: hakikisha ulichonunua ndo hicho

Hii usiiruke. Nimewahi kununua chupa sehemu ambayo siitaji, jina kubwa, bei imeshuka kwa kama theluthi, nikajiona mjanja. Nafungua nyumbani kifuniko kinazunguka bila kukatika, nanusa, ile asetoni ya kutolea rangi za kucha. Niliimwaga kwenye sinki yote, roho inauma lakini macho yangu nayapenda zaidi. Na hiyo ilikuwa bahati kwamba ilinuka, maana methanoli, ile inayopofusha na kuua, pua yako haiwezi kuitenganisha na kilevi cha kawaida. Kwa hiyo usitegemee kunusa. Bongo kuna aplikesheni ya Hakiki Stempu ya TRA, unaskani stempu ya kodi pale pale dukani kabla ya kulipa, Kenya wana Soma Label ya KRA. Muuzaji akinuna unavyoskani, asante shikamoo, hama duka. Angalia pia pete ya kifuniko kama haijakatika. Na wale wanaokumbuka viroba, vile vya plastiki vya kung'ata kona, vilipigwa marufuku Tanzania Machi 2017, ukiona mtu anakuletea leo hujui kimetoka wapi.

Hatua ya 5: soma asilimia

Haraka tu. Jin hiyo hiyo yenye jina hilo hilo inaweza kuwa na nguvu tofauti kutegemea iliandaliwa soko gani, Tanqueray kwa mfano ipo ya 43.1 na ipo ya 47.3, Bombay ipo ya 40 na ya 47. Ndo maana mjomba aliyeleta yake kutoka airport anakuambia ya huku wameichakachua na wewe unaona sawa tu, huenda nyote mnasema kweli ila hamnywi kitu kimoja. Kilevi kikipanda kinabeba harufu zaidi, kwa hiyo ukilinganisha ya 37.5 na ya 47.3 bila kujua utadhani ya pili imepikwa vizuri zaidi kumbe ina misuli tu. Andika namba hizo kwenye daftari kabla ya kuanza.

Hatua ya 6: usiku wenyewe

Kula kwanza. Wali, ugali, chochote, ila pilipili na mishkaki yenye limau subiri mpaka tumalize maana ulimi ukishaungua umekwisha kazi. Asije mtu kajipulizia udi wala pafyumu. Anayeendesha gari asionje, aandike matokeo, siku yake itafika. Mwenye mimba na aliye kwenye dozi hivyo hivyo.

Unahitaji vikombe vidogo vinavyofanana, vile vya kahawa vya Kariakoo vinafaa kabisa, maji ya kunywa yasiyo ya baridi, mkate mkavu, na bomba la sindano la 20ml jipya, lile la duka la dawa bila sindano yake. Usicheke, ni kipimo sahihi kuliko toti za baa nyingi. Mtu mmoja aingie jikoni peke yake, abandike namba chini ya kila kikombe, apime 20ml za jin na 20ml za maji kwa kila mtu, alete sinia. Barafu hakuna. Baridi inaziba pua, na ndo maana jin mbaya hupewa barafu nyingi. Maji nayo yana kazi yake, yanaishusha mpaka kama asilimia 20 hivi, wanaoonja kwa kazi nao huishusha hivyo, kilevi kinaacha kuchoma na harufu zinafunguka. Ukiona moja imekuwa na ukungu kidogo baada ya maji usiitupe, ni mafuta ya viungo yanajitenga, dalili kwamba imejaa viungo.

Nusa mdomo ukiwa wazi kidogo, usizamishe pua yote. Mara ya kwanza utapata kilevi, ngoja, rudi tena. Sasa chovya kidole dondosha tone moja kwenye kiganja, sugua viganja mpaka pakauke, nusa. Hii ndo sehemu naipenda. Kilevi kinaruka chote kinabaki kiungo kitupu, kwenye Tanqueray unabaki na penseli iliyochongwa, kwenye Bombay unabaki na ganda la limau na kitu kama mdalasini, kwenye Hendrick's mkono unanuka mtu aliyetoka kumenya tango. Kwenye zingine, sitaji, mkono unabaki haunuki kitu. Hapo ushapata jibu bila kunywa hata tone.

Ndo sasa uonje, kijiko kimoja, izungushe mpaka pembeni za ulimi, meza au tema. Andika neno la kwanza linalokujia hata kama ni la kijinga. Kwenye daftari langu kuna "sabuni ya bibi", kuna "msitu baada ya mvua", kuna "hapana". Mkate, maji, kikombe kingine. Msiongee mpaka wote mmalize maana mmoja akisema "hii ina waridi" wote mtalisikia waridi.

Nina shemeji, mzee wa kujua mavitu, yule ambaye kwenye kila kikao anaagiza ya nje na kusema za huku ni za kuoshea vidonda. Tukamkalisha. Akanusa kwa madaha kama mkaguzi, akazungusha kikombe, akaandika insha. Kikombe namba tatu akakipa 9 kwa 10, akaandika "hii ndo ya kwangu, nyoofu, ya kiungwana". Tukageuza. K-Vant. Alikaa kimya kama dakika nzima anaitazama ile namba chini ya kikombe, kisha akadai eti mke wangu mimi ndo kabadilisha vikombe jikoni. Dada yake huyo! Mpaka leo hawajapatana vizuri.

Hatua ya 7: sasa leta toniki

Mbili zilizoshinda ndo zinaenda hatua hii, zilizoshindwa ziache. Kwenye glasi ya jin na toniki sehemu kubwa ni toniki, jin moja toniki tatu, yaani 50ml kwa 150ml, kwa hiyo ukinunua jin ya laki ukaitia toniki iliyofunguliwa jana umenywa soda mbovu ya laki. Fungua chupa mpya kila raundi. Uchungu wake ni wa kwinini, ile ile ya malaria, Waingereza waliokuwa India walikuwa wanameza dawa wakaona bora waichanganye na kitu. Magome ya mkwinini bado yanalimwa jirani zetu Kivu, upande wa Bukavu, na Fever-Tree, watengeneza toniki wa Uingereza, wanachukua kwinini yao huko Kongo mashariki, inaenda Ulaya inarudi kwetu kwenye kichupa kidogo cha bei ya chakula cha mchana. Kiwango cha humo ni kidogo sana, haitibu malaria, ukiwa na homa nenda kapime.

Krest bitter lemon inakubali pia, ila ni tamu, itafunika jin laini, ipe ile ya mreteni mbele. Stoney mimi naona inamaliza kila kitu, tangawizi ile haina adabu, iachie Konyagi wamezoeana. Jaza barafu glasi nzima, vipande vitatu vinayeyuka haraka na kuzimua kinywaji kabla hujafika katikati. Tanqueray na Gordon's wape ndimu, Beefeater ganda la chungwa, Hendrick's kipande cha tango. Jaribu bila kwanza, ongeza baadae.

Hatua ya 8: rudia siku nyingine ukiwa na njaa ya kawaida na akili ya kawaida

Usiku wa kwanza una kelele na watu. Baada ya wiki, peke yako au na mwenza, zile mbili tena kwa vikombe vya namba. Ukichagua ile ile mara mbili, nunua mzinga. Ukichagua nyingine, nunua ndogo zote mbili usubiri, hakuna haraka. Haihitaji friji, ikae wima, mbali na dirisha, na chupa ikishafika robo imalize ndani ya miezi michache kabla harufu haijachoka.

Kabatini kwangu sasa hivi zimekaa Beefeater na K-Vant. Ya pili ni ya shemeji, akija anaomba "ile namba tatu", jina hataki kulitaja.